Mikono ya Mwamuzi Yasema na Nani?



Juma lililopita wazee wawili walifika ofisini kwa parokia, wana neno juu ya mpira wa kikapu ambao vijana wetu wameuanza hapa Kisaki. Hawakuja kwa sababu tulishindwa. Walikuja kwa sababu ya mikono ya mwamuzi. Mmoja alisema hivi: "Karani, yule kijana mwenye filimbi alitukabili sisi watu wazima, akashika kiuno kwa mikono miwili kama mwanamke agombanaye kisimani. Kabla ya hapo alikwisha kumwinulia mwanangu ngumi. Je, ndiyo adabu mnayowafundisha watoto katika kiwanja cha kanisa?" Mwenziwe akaongeza kwamba kama mambo ni hayo, mwanawe hatarudi tena kiwanjani, heri jioni ashike jembe.

Neno hilo si dogo. Timu ya kikapu ni watu watano kiwanjani, nasi tunao vijana wanane tu walioujua mchezo kidogo. Wakiondolewa wawili, na mmoja akaugua homa, mchezo umekufa, na jioni zile watakwenda kuzimalizia mahali ambapo hakuna mwamuzi wala mzee. Kwa hiyo majibu niliyowapa wazee wale nayaandika hapa, ili na wazazi wengine wayasome.

Jambo la kwanza la kulishika ni hili: mwamuzi wa mpira wa kikapu, atoapo ishara zake, hasemi na mchezaji, wala hasemi na watazamaji. Asema na karani. Kando ya kiwanja, karibu na mstari wa katikati, huwekwa meza. Hapo hukaa karani aandikaye pointi na makosa, na mwenzake ashikaye saa ya mchezo, na mwingine ahesabuye zile sekunde 24 ambazo timu hupewa ili ipate kutupa mpira kikapuni. Filimbi ikilia, karani hajui kitu. Nani amekosa? Kosa gani? Na adhabu yake ni nini? Mwamuzi yupo mbali, vijana wanapiga kelele, akina mama wanapiga vigelegele. Akiita kwa mdomo, nusu ya maneno itapotea njiani. Basi huyasema kwa mikono, na karani huandika.

Mimi mwenyewe ni karani, nayajua mambo haya. Jina la mtoto abatizwaye likinong'onwa na wazazi, likaandikwa kama lilivyosikika, hukaa kitabuni hivyo hivyo mpaka siku atakapokuja kutaka cheti cha kufungia ndoa. Hapo ndipo kilio huanza.

Wala sisi watu wa Kisaki hatuna sababu ya kustaajabia ishara. Reli ya TAZARA ilifunguliwa mwaka 1976, na tangu hapo twaishi kando yake. Bendera nyekundu ikiinuliwa stesheni, dereva wa treni hasemi kwamba ametukanwa. Anajua ishara ile yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, na yataka nini.

Mchezo huu aliuanzisha James Naismith, mzaliwa wa Kanada, mwezi wa Desemba 1891, alipokuwa mwalimu katika chuo cha YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Springfield huko Marekani. Alikuwa mtu aliyesomea elimu ya dini, na baadaye aliwekewa mikono kuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Kanuni zake za kwanza zilikuwa 13. Katika kanuni hizo aliweka waamuzi wawili: mmoja awaangalie watu na kuyaweka makosa yao katika hesabu, wa pili auangalie mpira. Leo kalamu i mikononi mwa karani wa meza, naye mwamuzi amebaki na filimbi na vidole vyake. Ishara zitumikazo katika nchi nyingi, na kwetu pia, ni zile zilizowekwa na FIBA, chama cha dunia cha mpira wa kikapu kilichoanzishwa Geneva mwaka 1932.

Sasa tutazame zile ngumi. Mwamuzi akipuliza filimbi, huinua mkono mmoja juu, umenyoka. Kiganja kikiwa wazi, maana yake: saa isimame. Huenda mpira umetoka nje, au mchezaji amevunja kanuni bila kumgusa mtu. Mkono ukiwa umefumbwa ngumi, maana yake: saa isimame, na hapa mtu amemgusa mwenziwe isivyo halali, yaani faulo. Ngumi hiyo yaelekea mbinguni. Haimwelekei kijana wa mtu.

Ikiwa ni faulo, mwamuzi husogea mahali ambapo meza yaweza kumwona vema, akatoa habari tatu, moja moja, wala hazichanganyi: kwanza namba ya mchezaji aliyekosa, pili aina ya kosa, tatu jambo lifuatalo. Msomaji akizishika hizo tatu kwa taratibu yake, amekwisha kuujua mchezo kuliko wengi wapigao kelele.

Namba 1 hadi 10 hazina shida, ni vidole tu. Kwa 11 hadi 15, mkono wa kulia hufumbwa ngumi kuwa kumi, na wa kushoto huonyesha zinazozidi. Kwa namba kubwa zaidi, mwamuzi hugeuza mkono ukaonekana mgongo wake, akaonyesha makumi. Kisha hufungua kiganja akaonyesha mamoja. Namba 23, basi, ni vidole viwili kwa mgongo wa mkono, halafu vidole vitatu kwa kiganja. Vidole viwili hivyo si salamu ya chama cho chote cha siasa, msije mkaanza kujibizana. Zamani, kwa miaka mingi, namba katika mashindano ya FIBA zilianzia 4 zikaishia 15, na kazi ilikuwa nyepesi. Siku hizi huruhusiwa 0 na 00, na kuanzia 1 hadi 99. Nawasihi wanaochapisha namba za fulana zetu wabaki katika namba ndogo.

Aina ya kosa ndiyo iliyoleta maneno. Hapa mwamuzi huigiza kosa lenyewe. Mchezaji akimsukuma mwenziwe, mwamuzi husukuma hewa kwa viganja viwili. Akimshika, mwamuzi hujishika kifundo cha mkono, mkono umeshuka chini. Akimpiga mkononi, hujipiga kifundo. Mwenye mpira akimvamia mtu aliyesimama mahali pake kwa haki, mwamuzi hupiga ngumi juu ya kiganja chake. Na mchezaji akimzibia mwenziwe njia kwa mwili isivyo halali, mwamuzi huweka mikono miwili kiunoni. Ukimwangalia vizuri, afanana na mtu aliyejitanua mlangoni asitake wenzake wapite. Ndilo neno lenyewe: huyu amefunga njia.

Najua, kwetu kijana akishika kiuno mbele ya mkubwa ni utovu wa adabu. Sina la kubisha, nami nimelelewa hivyo. Lakini ishara hii haikutungwa Kisaki. Imewekwa kwa ajili ya mataifa mengi, nayo haina namna nyingine ya kusema neno hilo. Tena niliuliza jinsi siku ile watu walivyokaa, nikaona chanzo cha ugomvi. Viti vya wazee vilikuwa vimepangwa nyuma ya meza ya karani, kwa heshima, kwa sababu hapo ndipo penye kivuli cha mwembe. Basi kila ishara aliyopelekewa karani, wazee waliipokea wao! Mwamuzi alipoigeukia meza akashika kiuno, macho yake yalikutana na macho ya wakubwa watupu. Viti haviwezi kuhamishwa, maana upande wa pili kuna jua kali. Meza ndiyo ihame, ikae ng'ambo, na karani avae kofia. Naye mwamuzi ajifunze kuionyesha ishara mara moja, wazi, kisha ashushe mikono. Kuna vijana waonao filimbi kuwa cheo. Hao hushika kiuno wakakaa hivyo kama wanapigwa picha.

Habari ya tatu ni ile ifuatayo baada ya kosa. Mwamuzi akionyesha vidole 2, maana yake aliyekosewa atatupa mpira mara mbili bila kuzuiwa, na kila utakaoingia ni pointi moja. Akielekeza kidole upande mmoja wa kiwanja, maana yake timu iliyokosewa itauingiza mpira kutoka pembeni na kwenda upande huo. Watu huuliza kwa nini kosa lile lile mara hii lina adhabu ya kutupa, na mara nyingine halina. Mara nyingi jibu limo katika hesabu ya karani. Timu ikikwisha kufikisha makosa manne katika robo moja ya mchezo, kila faulo ya kuzuia baada ya hapo huleta mitupo miwili. Na mchezaji akitimiza faulo tano, hutoka, hata akiwa ndiye tegemeo la timu.

Hapo vijana wetu hubisha, husema ni sita. Wameona sita katika televisheni, na ni kweli: katika ligi ya Marekani ya NBA mchezaji hutoka kwa faulo ya sita. Lakini kule robo moja ni dakika 12, na katika kanuni za FIBA ni dakika 10. Kijana wa Kitanzania, Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009, alicheza chini ya hesabu hiyo ya sita. Wetu watano, sita yao, kila mchezo na kitabu chake.

Akina mama waliocheza mpira wa pete shuleni wana shida nyingine. Katika mpira wa pete mtu hakimbii na mpira huku akiudunda. Katika kikapu hukimbia nao maadamu anaudunda, ila akiushika kisha akapiga hatua zaidi ya zilizoruhusiwa, mwamuzi huzungusha ngumi zake mbili moja kuizunguka nyingine, kama mtu asokotaye uzi. Akiudunda, akaushika, akaanza kuudunda tena, mwamuzi hupigapiga hewa kwa viganja kuelekea chini.

Vidole vitatu navyo huwachanganya watu sana. Mchezaji akitupa kutoka nje ya ule mstari wa mbali, mwamuzi huinua juu mkono mmoja wenye vidole vitatu. Mpira ukiingia, huinua na wa pili, nazo ni pointi tatu. Lakini mchezaji wa timu yenye mpira akikawia zaidi ya sekunde tatu katika eneo lililochorwa chini ya kikapu cha wapinzani, mwamuzi huunyosha mkono wenye vidole vitatu vile vile, na hapo timu hiyo imepoteza mpira. Nimewaona watu wakishangilia pointi tatu zisizokuwapo, na wapinzani wao wakiwacheka.

Kwa ajili hiyo hiyo ya kusema kwa mikono, kijana asiyesikia anaweza kuufuata mchezo huu wote, na hata kuketi mezani kuandika pamoja na mtu wa kumgusa bega filimbi inapolia. Kama yuko nyumbani kwako, mlete.

Ishara ya T yatakiwa itazamwe kwa makini. Mwamuzi akiifanya kwa kidole kimoja chini ya kiganja, kocha ameomba mapumziko mafupi, hakuna ubaya. Akiifanya kwa viganja viwili, kuna kosa la mwenendo: maneno mabaya, kubishana, kuchelewesha mchezo. Hilo hupewa hata kocha, na wapinzani hupata mtupo mmoja. Ngumi mbili zikiinuliwa juu pamoja, mtu ametolewa kabisa, na hana budi kuondoka kiwanjani.

Yote hayo huishia katika karatasi ya karani. Kila mchezaji ana visanduku vitano vya faulo. Robo ya kwanza na ya tatu huandikwa kwa wino mwekundu, ya pili na ya nne kwa wino wa buluu au mweusi, ili kila kosa lijulikane lilitokea lini. Chini ya karatasi pana nafasi ya kapteni kutia sahihi yake ikiwa timu yake ina malalamiko. Malalamiko yenyewe, basi, yana mahali pake palipochorwa, wala hayataki kupigiwa kelele kutoka chini ya mwembe. Makarani wakisha kutia sahihi zao, mwamuzi mkuu hutia yake mwisho wa wote, na tangu hapo kazi yake katika mchezo huo imekwisha.