Siku ya Mwana wa Buhemba
Vitabu vya lugha za kigeni, viwe vya Kiingereza au Kihispania, hupenda kumfunza mwanafunzi kueleza siku yake: aamka, anywa maziwa, apanda basi la shule. Ni siku ya nani hiyo? Mwana wa Buhemba huteka maji alfajiri, kisha huenda shuleni kwa miguu, na machimbo ya dhahabu yakimwita aache masomo. Mwalimu Nyerere alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitoka Butiama na Kizanaki chake kinywani. Leo mtoto huanza kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza huanza ghafula kufundishwa kwa Kiingereza. Walimu, mpeni kwanza maneno ya ndoo na jembe. Basi atalisoma siku atakapolipanda.