Kihami si Kisiwa

Wapo waungwana wanaocheka wasikiapo kuwa mtu mzima anakusanya vihami vya antena za redio za zamani. Husema: kauri na shairi, wapi na wapi? Wapo pia wanaovinunua kwa rangi na bei, wakavipanga kabatini kama mapambo ya arusi. Nadai kuwa makundi haya mawili yana kosa moja: yote yanaona kijiwe, hayaioni kazi yake.

Tuitazame kazi hiyo. Waya wa antena hutundikwa baina ya milingoti. Ukigusa mlingoti uliolowa, umeme wa mawimbi huvujia ardhini. Kihami cha kauri au kioo huwekwa hapo kuuzuia. Kwetu pwani adui ni chumvi: upepo wa bahari huiacha juu ya kauri, unyevu ukaiyeyusha, nao utando huo ukapitisha umeme. Ndiyo maana vihami vingi vina matuta na mabonde, ili njia ya kuvujia irefuke. Kile cha umbo la yai kina hekima zaidi. Nyaya mbili hupita ndani yake kitanzi katika kitanzi, kauri ikibanwa katikati. Na kauri hustahimili kubanwa kuliko kuvutwa. Yai likipasuka, vitanzi hunasana, na waya hauanguki.

Mpenzi wa ushairi yamhusu nini haya? Yamhusu sana. Sauti ya Unguja ilipoanza mwaka 1951, idhaa ya Kiswahili ya Cairo mwaka 1954, na ya BBC mwaka 1957, neno la Kiswahili lilipata chombo kisichohitaji karatasi wala jahazi. Aliyetaka kuzinasa vyema sauti za mbali alitundika waya nje ya nyumba yake, na ncha za waya huo zilihitaji kihami. Tunawasifu waimbaji na watangazaji, na ni haki yao. Lakini tunakitupa kilichoizuia sauti isimezwe na ardhi.

Ama wenye kununua kwa rangi, na watazame Marekani, ambako vihami vya redio na vya simu za waya vina wakusanyaji wengi, vyama na maonyesho. Kioo chenye manganizi hugeuka zambarau kikikaa juani miaka mingi. Baadhi ya watu hukitia mionzi makusudi, kikapata rangi hiyo upesi, kikauzwa kama adimu. Wakusanyaji waadilifu wa huko huukemea ulaghai huo. Soko lisilouliza kitu kilifanya kazi gani halikosi kudanganywa juu ya sura yake.

Atasema mtu: bora kikae kabatini kuliko jalalani. Kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabati lisilo na daftari ni jalala lililofagiliwa. Anayekichukua kihami na aandike: kimetoka paa la nyumba gani, mtaa gani; kilishika waya wa redio ipi; wenyewe walikiitaje. Asiyeweza kuandika hayo na akiache kilipo, wala asikiondoe pasi na idhini ya mwenyewe.

Mimi ni mfasiri, na maneno ndiyo mizani yangu. Lugha kadhaa za Ulaya zimekipa chombo hiki jina litokanalo na insula, neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa: kitu kilichotengwa. Kiswahili kimekiita kihami, kutokana na kuhami: kulinda, kutetea. Mkusanyaji akitengaye kitu na mahali pake, jina lake na watu wake amekigeuza kisiwa kisichofikiwa na chombo. Sisi wa visiwani tunajua kwamba kisiwa hakiishi hivyo. Basi tukusanye, lakini tukusanye kwa kuhami.