Sifongo ni Mnyama: Kufundisha Uainishaji Mbali na Bahari

Katika mazoezi ya kufundisha tumekuta mara nyingi ubaoni sentensi hii: mnyama ni kiumbe hai anayetembea. Ni rahisi kukariri, lakini si kweli. Sifongo akishakomaa huishi amejishikiza mwambani. Hana kinywa, hana tumbo, wala hana hata seli moja ya neva. Hata hivyo ni mnyama, kwa kuwa hajitengenezei chakula kama mmea. Huvuta maji kwa matundu madogo, seli zenye vijimkia zikachuja bakteria, kisha maji hutoka kwa tundu kubwa. Robert Grant wa Edinburgh aliuchunguza mkondo huo katika miaka ya 1820, na ndipo hoja ya kumwita mmea ilipodhoofika.

Wanachuo wa Tunduma husema bahari i mbali mno. Udhuru huo hatuukubali. Sokoni lipo dodoki, na madukani limo godoro la sponji. Mwalimu na alete kipande cha kila kimoja, awaulize wanafunzi vimetoka wapi. Dodoki ni tunda kavu la mmea wa jamii ya maboga. Sponji ya godoro imetoka kiwandani. Sifongo wa kuogea ni kiunzi cha mnyama. Vyote vitatu vina vitundu na hunyonya maji, lakini asili zao ni mbalimbali. Mtoto akilitambua hilo amekwisha kuelewa kwamba uainishaji haufuati sura. Kumnakilisha majina ya ngeli nne za faila ya Porifera (Demospongiae, Calcarea, Hexactinellida na Homoscleromorpha) kwaweza kungoja sekondari. Yatosha mwalimu mwenyewe azijue.

Tena, si sifongo wote waishio baharini. Ziwa Nyasa, ambamo Mto Songwe wa mpakani humwaga maji yake, lina sifongo aitwaye Malawispongia.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: akikatwa, haumii? Swali hili lisizimwe. Huko Jambiani, Unguja, wanawake hulima sifongo kwa kuwakata vipande na kuvifunga kambani baharini, na kila kipande hukua kikawa sifongo kamili. Mwaka 1907 H. V. Wilson wa Marekani alimkamua sifongo kwenye kitambaa hata seli zikatengana. Zilipoachwa majini zilikusanyika upya, zikaunda sifongo wengine.