Acheni Kumtangaza Kwotabeki Mwezi wa Nne

Mchambuzi mmoja wa redio hapa Columbus, Ohio, amenikera. Alisema hewani, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mtihani, kwamba namba ya kwotabeki wa timu ya chuo imeshapata mwenyewe, kwamba vijana wengine wanaoigombea wajiandae kusugua benchi, na kwamba anayebisha hajui mpira. Ilikuwa Aprili. Msimu wa futiboli ya Kimarekani unaanza mwishoni mwa Agosti.

Kwa msomaji aliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, kisha aurushe, amkabidhi mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Anacheza mmoja tu. Beki wa pembeni akizidiwa unaweza kumsogeza kati, lakini kwotabeki wa pili anakaa nje na kofia yake mkononi. Kwa hiyo ugombeaji wa namba hiyo unatawala mazungumzo ya mji huu kwa miezi, na kila mwenye kipaza sauti anajiona mtabiri.

Utabiri huo hauna thamani yoyote. Namba ya kwotabeki haimalizwi mazoezini. Inaamuliwa katikati ya msimu, bega linapoumia, kifundo kinapovunjika, au timu inapokwenda mapumziko imefungwa na kocha hana tena la kusubiri.

Watu wa Ohio wangepaswa kuwa wa mwisho kusahau jambo hili. Mwaka 2014 timu hiyo ya chuo, Ohio State, ilikuwa na kwotabeki Braxton Miller, mchezaji bora wa ushambuliaji wa ligi ya Big Ten kwa misimu miwili mfululizo. Hapakuwa hata na ubishi. Agosti bega lake likaumia mazoezini na msimu wake ukaishia hapo. Namba ikaenda kwa J.T. Barrett, kijana ambaye hakuwahi kucheza mechi hata moja ya chuo, na ambaye wiki chache nyuma alikuwa bado anamfukuzia Cardale Jones kwenye nafasi ya pili. Barrett alipofungwa na Virginia Tech 35 kwa 21 mwezi Septemba, wachambuzi walimzika. Alifufuka, akaibeba timu hadi Novemba 29, siku ya mechi na Michigan, kifundo chake kikavunjika robo ya nne.

Akabaki Jones, wa tatu. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya Big Ten, na Wisconsin ilikula 59 bila majibu. Ya pili ilikuwa Alabama ya Nick Saban, 42 kwa 35. Ya tatu, Januari 12, 2015, ilikuwa fainali ya taifa dhidi ya Oregon, iliyokuwa na Marcus Mariota, aliyetoka kutunukiwa Heisman kama mchezaji bora wa vyuo nchi nzima. Ohio State 42, Oregon 20. Nionyesheni mchambuzi mmoja aliyeyatabiri hayo mwezi wa nne. Mmoja tu!

Na hata baada ya hapo hawakukoma. Mwaka 2015 walibishana tena, Jones au Barrett. Jones akaanza msimu. Kufika mwishoni mwa Oktoba namba ilikuwa ya Barrett. Miller, aliyekuwa mfalme wao wote, alikuwa amehamia kupokea pasi.

Kijana mmoja kwa kinyozi alinijibu, "Kaka, kocha anawaona kila siku, anajua." Hii ndiyo hoja wanayoikimbilia wote, na ni hoja ya mtu asiyetaka kufikiri. Urban Meyer, kocha wa Ohio State wakati huo, aliwaona Barrett na Jones kila siku kwa zaidi ya mwaka, na bado alibadilisha mawazo katikati ya msimu. Saban wa Alabama alimwona kwotabeki wake Jalen Hurts kila siku kwa misimu miwili, halafu Januari 2018, kwenye fainali ya taifa pale Atlanta, akamweka benchi mapumziko, timu ikiwa nyuma 13 bila, akamwingiza Tua Tagovailoa, mtoto wa mwaka wa kwanza. Wakashinda 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Desemba ya mwaka uleule, uwanja uleule, mpinzani yuleyule Georgia, Tua akaumia, Hurts akaingia, wakashinda 35 kwa 28. Kocha alijua nini?

Tena kocha anayejua hasemi. Tangu 2021, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliporuhusu mchezaji kuhama chuo mara ya kwanza bila kukaa nje mwaka mzima, kocha akimtaja mshindi mapema anaweza kumpoteza aliyeshindwa. Ndiyo sababu wengi wanafunga milango ya mazoezi na mdomo pia. Sasa wewe wa redio, uliyezuiwa getini, umejuaje?

Watanijibu kwamba waliona mechi ya mazoezi ya Aprili. Nami nimekaa jukwaani kuitazama, kwenye uwanja ambao Aprili 2016 ulijaza zaidi ya watu 100,000 kwa mechi isiyo na pointi za ligi. Siku hiyo ni marufuku kumwangusha kwotabeki. Nimemwona beki mkubwa anamjia mbio, anafunga breki hatua moja kabla, anamgusa mgongoni kwa kiganja. Filimbi inalia. Kijana anatabasamu, anarudi kwenye mstari, jezi yake haina hata doa. Pembeni yangu mzee mmoja alisimama akipiga kelele kwamba mwenye namba ndiye huyu. Utampimaje kwotabeki siku ambayo hakuna anayeruhusiwa kumpiga?

Nyota za kupima kipaji wanazopewa vijana wakiwa sekondari sitazijadili kwa kirefu. Kwotabeki Stetson Bennett alianza chuo cha Georgia bila hata ufadhili wa masomo, akaondoka kwenda chuo kidogo Mississippi, akarudi, akakaa nyuma ya wengine, kisha akatwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, misimu ya 2021 na 2022. Imetosha.

Kinachonichoma zaidi ni neno "ameshindwa" kupachikwa kijana wa miaka 19. Mwaka 2018 kwotabeki Joe Burrow aliondoka hapa Columbus kwa kuwa Dwayne Haskins ndiye aliyeelekea kupata namba. Haskins, Mungu amrehemu, alirusha pasi 50 za mabao msimu ule, na Burrow akaenda chuo cha LSU akarusha 60 msimu wa 2019, akashinda mechi zote 15 na Heisman juu. Nani kati yao alishindwa?

Halafu kuna mikeka. Ohio iliruhusu kubeti michezo Januari 2023, na tangu hapo vipindi vya uchambuzi vimejaa matangazo ya kubeti hadi hujui mtangazaji anazungumza kama nani. Mwaka 2024 jimbo lilipiga marufuku kubeti juu ya takwimu za mchezaji mmoja mmoja wa chuo, baada ya NCAA kulalamika kwamba wanafunzi wanatukanwa na watu waliochana mikeka. Safi sana, ingawa walichelewa.

Mnataka kujua timu itafika wapi? Tazameni wanaomlinda kwotabeki. Katika zile mechi tatu za Jones, Ezekiel Elliott alikimbia na mpira yadi 220, kisha 230, kisha 246, kwa sababu mbele yake palikuwa na Taylor Decker, Billy Price, Jacoby Boren, Pat Elflein na Darryl Baldwin. Wanaume watano walioifungua njia hiyo, na sijawahi kusikia kipindi hata kimoja cha Aprili kikigombana nani kati ya watu wa mstari huo wa mbele atapata namba.