Pangoni Hakuingiwi Bila Hodi

Watu wa Bonde la Ufa tumejaliwa. Mola ametupa udongo usiokataa mbegu, maziwa yenye ndege, na milima ambayo moto wake haujazimika. Lakini kuzoea kumetuponza. Kila mwisho wa wiki vijana wetu, wepesi wa akili na wepesi zaidi wa miguu, huteremka kasoko ya Menengai wamevaa ndara, tochi yao ni simu, wakajitoma mapangoni bila hata kuaga nyumbani.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko chini guu ni jambo dogo. Menengai ni mlima wa volkano. Mvuke bado unafuka. Penye ardhi ya namna hiyo hewa ya kaboni dayoksaidi huweza kutoka chini ikatulia mashimoni, maana ni nzito, wala haina rangi. Anayeinama kuokota kitu huanza kulegea. Anayemfuata kumwokoa humfuata kweli.

Mnawacheka popo? Kule Kitum, Mlima Elgon, pango ambalo ndovu huingia usiku kuchokoa chumvi, wageni wawili walioingia humo, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa homa ya Marburg, inayobebwa na popo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na maji yenyewe je? Katika korongo la Hell's Gate, Aprili 2012, mafuriko yaliua vijana saba wa kanisa. Septemba 2019 yakaua watu saba tena. Mvua hunyesha mbali, wewe uliye korongoni huoni hata wingu. Halafu tunakaa matangani tukisema ajali haina kinga! Kinga ipo: ni kumuuliza mwenyeji na kumlipa akuongoze.

Nanyi wazee wangu mnaofunga na kuomba mapangoni, nawaheshimu. Eliya naye alilala pangoni, na Mungu mwenyewe akamuuliza anafanya nini humo. Imani haikatazi tochi ya pili.

Linaloniuma zaidi ni kutojua tunakokanyaga. Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango la Mto Njoro wakakuta mabaki ya watu wapatao 80, miili imechomwa, wamezikwa na mabakuli ya mawe, michi na shanga. Ni watu wa miaka 3,000 hivi iliyopita, waliowaaga wafu wao kwa heshima zaidi kuliko sisi tunavyowaaga walio hai. Mwanafunzi wa Nakuru atakueleza makaburi ya Misri bila kukwama. Mtajie Njoro, anakodoa macho. Mwacha mila ni mtumwa, na walimu, hili ni lenu.

Nanyi vijana, sikukusudia kuyagusa ya rangi mnayopaka mawe, ila siwezi kunyamaza. Nani aliyewafundisha kuandika majina ya wapenzi wenu kwenye mawe ya Menengai? Uchumba wenyewe haufiki Krismasi, rangi inabaki. Wasomi wazima! Chukueni brashi za waya na ndoo za maji, mrudi Jumamosi mkaisugue. Na kabla ya kuondoka, mwambieni mama mnakokwenda.