Pampu Kubwa Si Dawa

Kuna ushauri uliochapishwa kwamba mtiririko wa maji ukilegea kati ya tangi la samaki na tangi la kichujio lililo chini yake, ununue pampu kubwa zaidi. Napinga. Pampu hupandisha maji tu. Kushuka, yanashuka yenyewe kwa bomba. Bomba likiwa limeziba, pampu kubwa itayamwaga sebuleni.

Zima umeme kwanza, kisha zibua bomba. Kamua sponji ya kichujio ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, maana klorini ya maji ya mferejini huua bakteria wanaosafisha maji. Fungua pampu, sugua feni yake kwa mswaki. Tazama pia kina cha maji ilipo pampu: yakipungua kwa kugeuka mvuke, itanyonya hewa na kunguruma.

Mtetezi wa pampu kubwa atasema Mbeya na Iringa ziko juu mno, hewa ni haba, hivyo maji yazungushwe kwa nguvu zaidi. Ni kweli: kwenye mita 1,700, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, joto likiwa sawa. Lakini hiyo ni sababu ya kuzibua upesi. Mfugaji wa Mbeya, safisha kabla hujafungua pochi.