Si kila hasira ni jini: Tuwafahamu wenye nafsi zisizotulia



Katika vijiji vyetu vya Rondo, kama kwingineko, wapo watu wa namna hii. Asubuhi atakwambia huna mfano, wewe ndiye ndugu yake wa pekee. Jioni ukichelewa kurudi kutoka shamba, umekuwa adui. Mume akiaga kwenda Lindi siku mbili, mke anaona tayari ameshaachwa. Atalia, atavunja vyombo, atajikata kwa wembe au kutishia kunywa sumu. Kesho yake anajuta na kuomba radhi. Jirani mmoja atasema ana jini, mwingine atasema anadeka.

Wataalamu wanayatambua maradhi hayo. Huyaita matatizo ya haiba ya mpakani, kwa kuwa mwaka 1938 daktari Adolf Stern wa New York aliona wagonjwa hao wako mpakani, hawana wazimu kamili wala utulivu. Huwapata wanaume na wanawake, na kwa kawaida huanza katika ujana. Mgonjwa huogopa mno kuachwa, hisia zake hupanda na kushuka kwa haraka, na ndani yake huhisi utupu. Baadhi yao huzaliwa na wepesi wa kuumia moyoni, na wengi wamepitia mateso au kutelekezwa utotoni. Hasira ya siku moja siyo maradhi haya. Mwenye kuyathibitisha ni mtaalamu.

Nionavyo mimi, tunakosea mara mbili. Kosa la kwanza ni kumpeleka mgonjwa kwenye ngoma za kupunga, akapigwa na kufukizwa moshi. Simzuii mtu kusoma Qur'an na kuomba dua, hiyo ni ngao ya Muislamu. Lakini fimbo siyo dua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa maradhi yana dawa, na ametuhimiza tujitibu. Kosa la pili ni kudharau vitisho vyake. Anayesema atajiua anaweza kujiua kweli, na wapo waliokufa huku watu wakisema anadeka.

Tiba yake kubwa ni mazungumzo na mtaalamu kwa muda mrefu. Vidonge husaidia mambo mengine yanayoambatana nayo, kama vile sonona. Bibi Marsha Linehan wa Marekani ndiye aliyeanzisha njia ya kumfundisha mgonjwa kutulia, kuvumilia dhiki na kuelewana na watu. Mwaka 2011 alieleza hadharani kuwa yeye mwenyewe alipokuwa msichana alilazwa hospitali kwa kujiumiza. Wagonjwa wengi hupata nafuu kadiri miaka inavyokwenda, basi tusikate tamaa.

Nyumbani tufanye haya. Kwanza, dawa za kunyunyizia mikorosho zifungiwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Pili, mgonjwa akipandwa na hasira, sauti yako iwe ya chini, mwambie, "Naona umeumia, sikuachi, tutazungumza ukitulia." Tatu, usiahidi usichoweza kutimiza, na usitoe talaka kwa hasira, maana hilo ndilo analoliogopa kuliko yote. Nne, kumhurumia siyo kuruhusu kila kitu. Akikosea aelezwe kwa upole, na watoto walindwe. Tano, akizungumzia kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Kisha asiachwe peke yake. Anzeni zahanati, wawape rufaa hadi Hospitali ya Sokoine, Lindi. Nauli ya kushuka kutoka Rondo si ndogo, lakini mara nyingi fedha kama hiyo tumeimaliza kwa waganga.

Maimamu nao watusaidie kulisema hili msikitini. Nyumba inayoficha mgonjwa kwa aibu ndiyo hufiwa ghafla. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe subira sisi tunaoishi nao. Amin.